Mama Yuko Ng'ambo ya Gogo

Upepo ulikuja Ijumaa jioni, na Jumamosi ndiyo siku mama yangu alikuwa apande mlima kuja kuniaga.

Nilikuwa nimeolewa Mbooni, huko juu kwenye baridi, na kwetu ni Tawa, chini kwenye joto. Asubuhi isiyo na ukungu, ukisimama nyuma ya ghala la mume wangu, unaona moshi wa kwetu ukipanda. Nilikuwa nasimama hapo kila siku. Kwa ule moshi nilijua mama amechelewa kuamka, au amewasha kuni mbichi, au amepata wageni. Wanawake wa boma waliniambia nitaota mizizi pale nyuma ya ghala. Niliwaambia basi wanimwagilie maji.

Miaka hiyo ya thelathini nzige walikula, kisha jua likala kile nzige walichosahau, na shamba la baba yangu likabaki udongo mwekundu mtupu. Baba akaamua kuhamia Kitui, ng'ambo ya mto Athi, ambako ndugu yake alikuwa amepata mahali penye majani mengi na watu wachache. Wangeondoka Jumapili alfajiri, kabla mvua haijajaza mto. Athi ukishajaa, aliye ng'ambo yuko ng'ambo. Na mtu aliyeanza shamba jipya porini, na mifugo ya kulinda na simba wa kufukuza, hakuna anayemwuliza atarudi lini kutembea. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo linafika mahali kabla yangu. Nilitaka kitu kimoja tu: nimwone mama uso kwa uso kabla hajauvuka ule mto.

Kuonana kwenyewe kulihitaji kupangwa, kwa sababu ya mume wangu. Kwetu Wakamba mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Si chuki, ni heshima, ila heshima yenyewe ina kazi nyingi. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichaka cha kulia, mwingine cha kushoto, wanafunika nyuso, wanapitana kama wezi wawili. Mutie, mume wangu, alikuwa hajawahi kuuona uso wa mama. Siku moja tu alikuwa amejitupa chini ya kichaka karibu na soko la Tawa, na kutoka chini ya kichaka mtu anaona miguu. Alirudi akaniambia mama yangu ana miguu mizuri. Nikamwambia asizoee. Basi Jumamosi hiyo Mutie alikuwa aende kuchunga mbali, mama aje akae nami, anishike tumbo, aniambie yale mama humwambia binti yake, kisha ashuke.

Kulipokucha, mlima haukuwa ule wa jana. Bati la kanisa la Misheni lilikuwa limelala shambani kwa mzee mmoja asiyekwenda kanisani, na watu wa Misheni wakasema limekuja lenyewe kumtafuta. Nyumba zetu za nyasi zilikuwa zimeinama upande mmoja kama watu wanaosikiliza maneno ya jirani. Na njia ya kushuka Tawa ilikuwa imefungwa na miti, mmoja juu ya mwingine, kuanzia karibu na boma letu mpaka jicho linapoishia.

Nilikaa chini palepale. Mama mkwe wangu, Syombua, aliniambia niinuke, udongo una baridi. Nikamwambia baridi iko pale pale hata nikisimama.

Hatukuwa hata tumekunywa uji Kivuva akafika na filimbi yake. Kivuva alikuwa mzee wa kijiji aliyewekwa na chifu, na ile filimbi aliipenda kuliko wake zake, kwa maana yenyewe ilinyamaza akiacha kuipuliza. Alisema njia ifunguliwe leo hii. Bwana mmoja wa Serikali anakuja Jumatatu kutoka Machakos, yeye na bibi yake, kupanda mlima. Watu wakauliza anakuja kukusanya kodi? Hapana. Kuhesabu mbuzi? Hapana. Basi anakuja kufanya nini huko juu? Kivuva akajikuna. Alisema mzungu hupanda mpaka kileleni, anasimama, anatazama, anasema ni vizuri, halafu anashuka. Hafukuzwi na mtu. Hajapoteza ng'ombe. Mzee mmoja akauliza kwa huruma kama ni adhabu amepewa. Kivuva akasema hapana, ni likizo.

Amri ilikuwa hivi: watu wa Mbooni waanze juu wakishuka, watu wa Tawa waanze chini wakipanda, wakutane mpakani. Na kwa kuwa Jumapili watu wa Misheni hawagusi shoka, kazi iishe leo. Watu walinung'unika sana. Mimi nilikuwa wa kwanza kutafuta panga. Kwa mara ya kwanza maishani nilikubaliana na Serikali.

Tuliitana mwethya. Mwethya ni kazi ya kijiji kizima kwa pamoja, hailipwi, inaimbwa, na asiyekuja husengenywa mpaka mavuno. Wanaume wa ukoo wa Mutie walikuwa mbele na mashoka, sisi wanawake nyuma tukiburuta matawi na kuyatupa bondeni. Mutie alikuwa amebeba msumeno mrefu wa Misheni, ule wenye mpini kila upande, unaovutwa na watu wawili. Alikuwa amefundishwa kuutumia walipojenga shule, na Misheni walimwazima kwa sharti asiurudishe umepinda. Na nyuma yetu kabisa alikuja Abdow na mbuzi wake.

Abdow alikuwa Msomali, mfanyabiashara wa mifugo. Alikuwa amenunua mbuzi Mbooni, na alikuwa akishuka Tawa avuke Athi awafikishe Kitui mjini, ila upepo ukamfungia kwetu. Alikuwa mtu wa maneno machache na ndevu nyingi, na Kiswahili chake ndicho tulichosikilizana nacho. Nilimwuliza njiani Kitui kukoje. Akafikiri. Akasema mchanga wake ni mzuri, ukichimba mtoni unapata maji safi. Nikamwuliza ni mbali kiasi gani kwa mtu mwenye mtoto mgongoni. Alitazama tumbo langu, akatazama mbuzi wake, akasema mbuzi wanafika.

Miti midogo ilikwisha haraka. Mchana ukiwa bado haujageuka tukafika pale mpakani, mahali ambapo njia inapita katikati ya mwamba na genge, na hapo tukaukuta mkaratusi. Ulikuwa umepandwa na watu wa Misheni zamani, nao ulikua kama unaolipwa. Mizizi yake ilikuwa juu kwenye mwinuko, kichwa kikining'inia bondeni, na mwili wake umelala kukatiza njia. Ulivyolala mbele yangu ulinifika shingoni, na mimi si mfupi. Ganda lake lilikuwa laini kama ngozi ya samaki. Harufu yake ilikuwa kali mpaka mwenye mafua akapona.

Hapo ndipo nikasikia wimbo kutoka upande wa pili. Watu wa Tawa walikuwa wamefika pia. Walikuwa wanawake tu, maana wanaume wao, isipokuwa baba aliyebaki akifunga mizigo, walikuwa wamepeleka ng'ombe mbali kutafuta majani. Wimbo uliongozwa na sauti moja yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, mkwaruzo ambao nilikuwa nimelala nao sikioni tangu nizaliwe. Nilisimama na tawi mkononi. Sikuliburuta, sikulitupa.

Mutie aliniona, akashusha msumeno.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Kabla sijafunga mdomo alikuwa ameingia kichakani na blanketi limemfunika kichwa. Na ndugu zake vilevile, na binamu zake, kwa kuwa mama mkwe wa mmoja ni mama mkwe wa ukoo. Kivuva alipokuja na filimbi yake kukagua kazi, alikuta wanawake wamesimama, mashoka chini, na vichaka vinakohoa.

Akauliza wanaume wako wapi. Syombua akamwonyesha vichaka kwa kidevu. Akauliza ni chui? Syombua akasema ni Kalunde, mama yake huyu Ndinda, akanionyesha mimi.

Labda utasema, si mama angeruka tu lile gogo? Vijana wangeweza kwa kujivuta na matawi. Lakini mwanamke wa umri wake, kukwea gogo mbele ya wakwe zake, miguu hewani, hata kama ni mizuri, hilo lisingesahaulika mpaka kwa wajukuu. Na mimi na tumbo langu tusingepanda hata kigoda.

Kwanza palizuka ugomvi wa mti ni wa nani. Wanawake wa Tawa wakapaza sauti kwamba mizizi iko Mbooni, basi mti ni wa Mbooni. Wa kwetu wakajibu kwamba kichwa kiko Tawa, na kila mtu anaulizwa kichwa chake kilipo. Kivuva alipuliza filimbi mpaka mate yakaingia ndani. Mwishowe akaamua: msumeno uwekwe juu ya gogo karibu na mwamba, Mbooni washike mpini mmoja, Tawa washike wa pili, na sehemu ya chini ikikatika itateremka yenyewe bondeni kwa uzito wake. Kwa bahati mbaya aliyejua msumeno alikuwa ndani ya kichaka.

Basi ikabidi Abdow apande juu ya gogo akae, miguu ameikunja, mbuzi wake wakimtazama kama wanaotazama mtu aliyepotea njia. Yeye hakuwa mkwe wa mtu yeyote. Kutoka pale juu aliona pande zote mbili, na maneno yakapita kwake.

"Mama," alisema akielekea Tawa, "yule ambaye hayuko hapa anasema msumeno hausukumwi. Unavutwa tu. Ukishavuta, unamwachia mwenzako avute."

"Mwambie huyo ambaye hayuko," mama akajibu, "nilikuwa navuta kamba za mzigo kabla mama yake hajamwota."

Kichaka kikacheka, kikajizuia. Mama ndiye aliyekuwa ameshika mpini upande wao, na hakutaka kumpa mtu. Upande wetu Syombua akasogea. Alisema yeye ndiye mwenye boma, na hawezi kuona mkwe mwenzake anavuta peke yake. Wakaanza. Nimeona fahali wakipigana, nimeona watu wakigombea mpaka wa shamba, lakini sijaona kitu kama wale wanawake wawili na ule msumeno. Kila mmoja alivuta kwake, na hakuna aliyeachia. Msumeno ukajipinda, ukalia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kutoka kichakani Mutie aliomba kwa ajili ya msumeno wa Misheni. Abdow akasema kwa upole kwamba mama hawa wawili wote wana nguvu, na sasa ingefaa mmoja wao akose.

Syombua aliachia akiwa na malengelenge. Akatazama viganja vyake, akasema mwanamke yule wa ng'ambo ana mgongo wa chuma. Katika kinywa cha mama mkwe wangu hiyo ilikuwa sifa kubwa, nami nikaiweka.

Wakati huo wingu lilikuwa limesimama mashariki, jeusi, upande wote wa Kitui. Mwanamke mmoja akafika kutoka Tawa akihema, tukamsikia akiongea ng'ambo. Baba alikuwa amesema mvua imeshaanza kunyesha juu ya mto. Hawangoji alfajiri. Wanaondoka leo, ng'ombe wameshatolewa zizini, na Kalunde ashuke sasa hivi.

Nilisikia wenzake wakimsihi. Walimwambia mti umekatwa kidogo tu, kama mkate ulioonjwa na panya, na mume hangoji. Walimwambia atume salamu kwa Msomali. Nilikuwa nimeweka mkono juu ya gogo, na moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikadhani ganda linatikisika.

"Mwambieni aanze kutembea," mama akasema. "Ng'ombe wake nawajua, hawana haraka kunishinda. Aliye ng'ambo hapa ni mtoto wangu. Sikupanda mlima nikatiwe mti na watu."

Nikashika mpini. Syombua akanikamata mkono, akasema nimeshikwa na wazimu, nitamzalia mjukuu njiani. Nilimjibu kwa heshima zote.

"Mwaitu," nikamwambia, maana mwaitu ndilo neno letu la kumwita mama, "mtungi ninaokuletea kutoka mtoni kila siku ni mzito kuliko huu msumeno, na hujawahi kuniambia nipumzike."

Wanawake wakatazama chini. Kivuva akaangalia filimbi yake. Syombua akaniachia mkono, akaja kusimama nyuma yangu, akaweka viganja vyake vyenye malengelenge mgongoni pangu chini, pale panapouma, akanishikilia hivyo.

Nikavuta. Msumeno ukaja kwangu, kisha nikauachia uende. Haukwenda. Ng'ambo palikuwa kimya, hata wimbo ulikuwa umekatika.

"Ndinda?" mama akaita, si kwa sauti ya kuongozea wimbo. Ilikuwa ile ya ndani ya nyumba.

"Mm."

"Ni wewe umeshika?"

"Ni mimi."

Msumeno ukaondoka mkononi mwangu polepole, ukaenda kwake, ukarudi.

Hivyo ndivyo tulivyoongea siku ile. Sijui kama asiyewahi kukata mti na mtu asiyemwona atanielewa. Unajua amechoka, unajua amebadilisha mguu, unajua amefuta jasho kwa bega kwa kuwa mpini unatikisika kidogo. Nilipovuta vibaya alinisubiri. Nilipokawia kuachia alinivuta kidogo, kama alivyokuwa akinivuta nywele nikisinzia akinisuka. Unga wa mti ulikuwa unamwagika miguuni kwangu, kwanza mweupe, kisha mwekundu. Mtoto tumboni alikuwa akigeuka kila msumeno ukirudi. Kutoka kichakani Mutie alisema msisukume, na Abdow akasema yule ambaye hayuko anasema msisukume, na mama akasema huyo ambaye hayuko anaongea sana kwa mtu ambaye hayuko. Wanawake wa Tawa wakauanza wimbo tena, na wetu wakauitikia, ingawa kawaida hatukubaliani hata jinsi ya kupika isyo, yale mahindi na maharagwe ambayo mtu yeyote anaweza kupika.

Matone ya kwanza yalianguka tukiwa tumepita katikati. Yalikuwa makubwa na machache. Mtu akasema tupumzike, tukaendelea kuvuta. Nilitazama ule mpasuko ulivyokuwa ukishuka, na nilimwomba Mungu wa Misheni, na yule wa mababu pia, asije mmoja akadhani ameachwa nje.

Gogo lililia. Kwanza kidogo, kisha kama bunduki. Abdow aliruka kama kijana asiye na ndevu. Syombua akanivuta nyuma kwa nguo. Sehemu ya chini ikateleza, ikasita pale ukingoni kana kwamba imesahau kitu, kisha ikashuka bondeni ikivunja kila ilichokikuta, na kelele yake ikaendelea kuja hata baada ya yenyewe kupotea.

Vumbi likatulia, na mama alikuwa amesimama pale.

Sikumfikia. Mbuzi wa Abdow, waliokuwa wamefungiwa kwetu tangu jana na wameona njia, walipita wote kwa mara moja katikati yetu, wakilia, wakikanyagana, wengine wakipitia kwenye miguu ya Kivuva. Mimi huku, mama kule, na mto wa mbuzi kati yetu. Tulitazamana juu ya pembe. Mama alikuwa mfupi kuliko nilivyokuwa nimemkumbuka. Unga wa mti ulikuwa umejaa kwenye nyusi zake. Alianza kucheka, nami nikaanza, na yule mbuzi wa mwisho alikuwa mzee anayechechemea, akasimama katikati kula jani la mkaratusi, akalionja, akalitema, akaenda zake.

Mama akavuka. Hakunikumbatia, hatukuwa na desturi hiyo. Aliinama akanitazama miguu, akabonyeza kwa kidole, akaona shimo limebaki, akaniambia nilale nimeinua miguu na niache chumvi. Akaweka sikio tumboni. Alisikiliza sana, akasema ana haraka huyu. Akafungua kifundo mgongoni mwake, akatoa mbeleko ya ngozi ya mbuzi aliyoilainisha mwenyewe kwa mafuta mpaka ikawa inakunjika kama kitambaa. Akanifunga nayo kiunoni palepale, kuona kama inanitosha.

Alisema mtoto akiwa wa kike nitampa jina la Syombua, kama desturi inavyotaka, jina la mama yake baba. Syombua alikuwa amesimama karibu, akaitikia kwa kichwa. Mama akanivuta kando kidogo, mdomo sikioni kwangu.

"Mwite Syombua," akaninong'oneza. "Lakini akilia, na hakuna mtu karibu, mwite Kalunde. Mara moja moja tu. Nitasikia."

Hapo nililia. Syombua alijifanya anatafuta panga lake.

Kutoka kichakani sauti ilimwita Abdow. Abdow akaenda, akarudi amebeba blanketi la Mutie, lile alilokuwa amejifunikia. Akamwambia mama kwamba yule ambaye hayuko amesikia baridi ya Kitui usiku ni mbaya, na anaomba mama apokee. Mama akalishika kwa mikono miwili. Alikigeukia kichaka, akakumbuka, akageuza uso haraka. Kichakani palikuwa na fujo ya majani, kwa kuwa Mutie sasa hakuwa na cha kujifunikia na alikuwa ameingiza kichwa kwenye miiba.

"Mwambie," mama akasema, na sauti ile yenye mkwaruzo ikawa nyembamba, "mwambie nimempa mtoto wangu. Hilo blanketi ni zuri, lakini amtunze mtoto wangu."

"Mama, amesikia," Abdow akasema bila kwenda popote.

Mama akanitemea mate kifuani, baraka ya kwetu, akageuka akashika njia. Wenzake walikuwa wameshatangulia kwa ajili ya mvua. Abdow alimfuata na mbuzi wake, akiahidi kuwa atamsindikiza mpaka mtoni, na kwamba yeye anapajua pa kuvukia.

Kivuva alitaka kuniambia jambo kuhusu matawi yaliyobaki. Syombua alimtazama, naye Kivuva akaghairi.

Siku zote mtu akishuka Tawa, miti ilikuwa inammeza kwenye kona ya kwanza, na wewe unarudi nyumbani kuosha vyombo. Siku ile hakukuwa na mti wa kummeza. Upepo ulikuwa umeulaza msitu wote wa upande ule, na njia ilionekana yote, kona baada ya kona, imesafishwa na mikono yake mwenyewe na ya wenzake. Nilimwona kwenye kona ya kwanza. Nilimwona kwenye ya pili, blanketi limemfunika kichwa kwa ajili ya matone. Wanaume walitoka vichakani mmoja mmoja, wakijitoa miiba, wakiulizana kwa sauti ya chini kama ameenda. Mutie alikuja akasimama mbali kidogo, ameyapa mgongo mabonde, ili asimwone hata kwa nyuma.

"Twende," Syombua akaniambia. "Mvua hiyo."

Alitazama kule nilikokuwa nikitazama. Halafu akakaa chini, mgongo kwenye ule mkato mweupe wa gogo lililobaki, akafunika kichwa kwa jani la mgomba aliloliokota, akaanza kupuliza viganja vyake.

Mama alifika kule chini kwenye tambarare, karibu na vijito, mahali ambapo njia ya Tawa inagawanyika na ile ya mtoni. Alikuwa mdogo kama punje. Mbuzi walimpita, weupe, wakashika njia ya mtoni, na yeye akasimama. Kwa umbali ule huwezi kujua kama mtu anakupa uso au mgongo. Nikainua mkono.